Kielelezo Kimemezwa

Nchi tunayoizungumza hapa ina amani nyingi sana, kiasi kwamba serikali imelazimika kuajiri askari wa kuishikilia isimwagike. Ina rais, ina mawaziri, ina manaibu wa mawaziri, na ina manaibu wa manaibu kwa ajili ya sikukuu. Wananchi wake ni wavumilivu. Hilo wanaambiwa kila asubuhi redioni, na asiye na redio hufuatwa nyumbani akaelezwa.

Nchi hiyo ina desturi moja nzuri. Mgeni kutoka ng'ambo akileta karatasi serikalini, karatasi yake haisomwi. Inapokelewa kwa mikono miwili, inapigwa muhuri, mgeni anapewa soda, watu wanapiga makofi. Kuisoma mbele yake ni utovu wa adabu, sawa na kunusa chakula ulichokaribishwa. Kuisoma akishaondoka ni kumsengenya.

Ndivyo Kampuni Rafiki ilivyopata hataza yake. Hataza, kwa asiyeijua, ni hati ya serikali inayosema kwamba kitu fulani kimebuniwa na fulani, na mwingine yeyote asikitengeneze wala asikiuze mpaka muda uishe. Kampuni hiyo iliitwa Rafiki na rais mwenyewe, siku ilipomletea kofia. Ilikuwa ikiuza kidonge cha kifafa kiitwacho Tulivini. Kidonge kilikuwa kizuri, hakuna aliyelibishia hilo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: waliokuwa na kifafa hawakuweza kukinunua, na walioweza kukinunua hawakuwa na kifafa.

Lukanga, kwa ajili ya mwanawe, alikuwa katika kundi la kwanza. Alikuwa na bucha katika soko la Mbuyuni Chini, mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita mteja aliyekwisha kufika kituoni. Shule aliiacha mapema, akasema anajua kusoma kunakomtosha kutambua matusi yakiandikwa ukutani. Jambo la kulisema kwa kulizungusha hakulijua. Alikuwa na mke, Nyamizi, na binti mmoja, Siwema, aliyekuwa darasa la tatu na anaanguka kifafa tangu hajaota meno yote.

Zamani Siwema alikuwa akianguka popote. Macho yanapanda, taya zinabana, mwili mdogo unapigapiga chini kama kuku aliyechinjwa, na Lukanga, aliyechinja wanyama wengi maishani, hakuweza kuzoea kuona hivyo. Aliyewaokoa ni mfamasia mmoja, Bi Ndekwa, mwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko. Yeye alipika dawa ya maji, chungu, ya rangi ya chai ya rangi, akaijaza kwenye chupa za kahawia. Aliwafundisha pia namna ya kumlaza mtoto akianguka: ubavu, kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, subiri. Akishaamka vizuri ndipo anywe.

Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Siwema akaacha kuanguka. Akarudi shule, akajifunza kuruka kamba, akawa mkaidi kama watoto wengine. Lukanga hakuomba zaidi.

*

Asubuhi moja alikwenda kuchukua chupa mpya, akakuta mlango wa kiwanda umebandikwa utepe mwekundu na askari ameketi kwenye kiti cha Bi Ndekwa, anakula mihogo ya Bi Ndekwa.

"Mwenye kiti yuko wapi?" Lukanga akauliza.

"Mahabusu."

"Kafanya nini?"

"Ameshindana."

"Na nani?"

Askari akatafuna, akameza. "Na Kampuni Rafiki. Wao wana kidonge, yeye ana maji. Wote wanatuliza kifafa. Sasa mzee wangu, huo si ushindani?"

"Hiyo dawa ni ya tangu enzi za babu yangu. Bi Ndekwa mwenyewe aliniambia. Hao Kampuni walichobuni ni ganda la kidonge, liyeyuke polepole tumboni. Dawa ya ndani si yao. Sasa maji yana ganda?"

"Mzee, mimi nimeletwa hapa kulinda utepe. Mambo ya ganda kaulize juu."

"Juu wapi?"

Askari akanyoosha kidole hewani, akarudi kwenye mihogo.

Swali la Lukanga, ajabu ni kwamba, lilikuwa swali zuri, na Bi Ndekwa naye alikuwa ameliuliza kutoka mahabusu: hiyo hataza inafika wapi? Inalinda ganda, au dawa, au ugonjwa wenyewe? Serikali ilitafuta mtu wa kujibu, ikagundua kwamba hakuna ofisa hata mmoja aliyewahi kuifungua. Maofisa walisema hivyo kwa fahari. Kwa hiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuelewa Hataza Inafika Wapi na Inashindana na Nani. Mwenyekiti wake aliteuliwa Mheshimiwa Balozi Mstaafu, Daktari wa Heshima, Faraji Kitundu, mtu aliyekwisha kuongoza tume ya maji, tume ya njaa na tume ya kuchunguza kwa nini tume hazimalizi kazi. Hiyo ya mwisho ilikuwa bado inaendelea.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa siku ya uzinduzi, "ili taifa liendelee, lazima lijue linachokikubali. Tumekikubali kwanza, kwa moyo mkunjufu. Sasa tutakijua. Huo ndio utaratibu."

Watu wakapiga makofi.

*

Tume ilipoketi ilikumbana na ugumu. Kuielewa hataza kulihitaji isomwe, na kuisoma ilikuwa ni kumvunjia mgeni heshima. Wajumbe walibishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye Mheshimiwa Kitundu akapata ufumbuzi: mwenye karatasi aje aisome mwenyewe. Mtu kusoma barua yake si utovu wa adabu.

Basi akaitwa wakili wa Kampuni, Wakili Msomi Gerevazi, kijana mwembamba aliyekuwa akivaa suti kipindi chote cha joto bila kutoa jasho. Akaishika hataza kifuani, wajumbe wasije wakachungulia kwa bahati mbaya wakajiaibisha. Akasoma.

"Dai la kwanza: kidonge chenye ganda linaloyeyuka polepole."

Makofi.

"Dai la pili: kidonge hicho kikiwa na umbo lolote, au kikiwa hakina umbo."

"Kisicho na umbo ni kama nini?" akauliza mjumbe mmoja wa upande wa madirishani.

"Kama maji, Mheshimiwa."

"Aa. Hapo Bi Ndekwa amekwisha."

Makofi tena, ya kumsindikiza Bi Ndekwa.

"Dai la tatu: dawa yoyote ya kifafa, iliyopo, itakayokuwapo, au iliyokuwapo ikasahaulika. Dai la nne: njia yoyote, kwa chombo chochote au kwa mkono wowote, inayomfanya mgonjwa wa kifafa atulie."

Mheshimiwa Kitundu akainama mbele. "Wakili Msomi, hebu tuelimishe. Mpaka wake uko wapi? Inaishia wapi?"

Gerevazi akageuza ukurasa wa mwisho, akatazama nyuma yake. "Mheshimiwa, haikuandikwa kuishia."

Ukumbi ulisimama kwa heshima. Mheshimiwa akatoa kitambaa akajifuta macho. Alisema katika maisha yake ya utumishi hajawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiingia kwenye bahasha ndogo vile.

Ikabaki sehemu ya pili ya kazi: inashindana na nani. Tume ikapanda magari, ikazunguka nchi nzima kutafuta yeyote mwingine anayetuliza wagonjwa wa kifafa. Iliporudi ilitoa taarifa nene, na muhtasari wake ukatangazwa sokoni kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Lukanga alikuwa anakata mbavu. Akasimamisha shoka.

Gari lilisema hivi: Tume imechunguza soko na imebaini washindani wa Tulivini. Kwanza ni dawa ya maji, ambayo imekwisha kudhibitiwa. Pili ni wazazi, hasa akina mama, ambao wamekutwa wakiwalaza watoto ubavu na kuwapangusa mate bila kibali cha mwenye hataza. Tatu ni miili ya wagonjwa wenyewe, ambayo mara nyingi hutulia yenyewe baada ya muda, bila leseni. Nne ni makaburi. Makaburi yamechukua wateja wengi kuliko washindani wengine wote, na hayajawahi kulipa kodi. Wananchi wanaombwa kutoa ushirikiano.

Gari likapiga wimbo, likasogea mbele.

"Hivi wamesema makaburi?" akauliza mteja wa Lukanga, mama mmoja aliyekuja kununua utumbo.

"Wamesema."

"Watayafunga?"

"Watayafunga yetu," Lukanga akasema. "Yao yatabaki wazi, wapate pa kutupia akili." Akalishusha shoka, ubavu ukakatika pamoja na kipande cha gogo.

*

Chupa ya mwisho ikaisha. Nyamizi aliisuuza kwa maji, akamnywesha Siwema yale maji. Akaisuuza tena.

Siku chache baadaye walimu walituma mtu sokoni. Siwema ameangukia bomba la shule. Lukanga alikimbia na aproni yake ya damu, watu njiani wakampisha wakidhani ameua. Alimkuta mtoto kwenye ubao wa darasa uliolazwa chini, jicho moja limevimba, nyusi imepasuka. Mwalimu mkuu alisimama mbali, mikono nyuma.

"Mlimlaza ubavu?"

"Baba Siwema, na wewe. Umesikia tangazo."

"Nimekuuliza, mlimlaza ubavu?"

Mwalimu mkuu akatazama chini. "Hatukumgusa mpaka alipotulia mwenyewe. Nina familia."

Lukanga alimbeba mtoto. Mlangoni akageuka. "Mimi ndiye niliyeacha shule," akasema, "na wewe ndiye uliyebaki. Asante kwa kunionyesha nilichokosa."

Usiku huo, na uliofuata, walikesha kwa zamu. Siwema alianguka, akaamka, akaanguka. Alianza kusahau majina ya vitu. Aliita kijiko "hicho". Aliita kamba yake ya kuruka "hicho". Mhudumu wa zahanati aliwaambia kwa kunong'ona kwamba akiendelea hivyo, siku moja hataamka, kisha akawaomba wasimtaje.

Basi Tume ilipotangaza kikao cha wazi cha kupokea maoni ya wananchi, Lukanga akavaa shati la sikukuu.

"Mume wangu," Nyamizi akasema, "usiende kuropoka."

"Nakwenda kutoa maoni."

"Maoni yako nayajua. Ndiyo maana nakwambia."

"Basi twende wote. Nikiropoka, unifinye."

*

Ukumbi ulikuwa na mapazia, mabango, na meza moja ndefu mbele ya wajumbe. Juu ya meza zilipangwa chupa za kahawia za Bi Ndekwa, kila moja imefungwa kikaratasi shingoni. Vilikuwa vielelezo, yaani ushahidi wa kesi aliyofunguliwa na Kampuni. Pembeni aliketi Koplo Shomvi, mtunza vielelezo, mzee mwenye masharubu meupe, ambaye kwa sheria za nchi ile kielelezo kikiharibika mikononi mwake, anafungwa yeye.

Nyamizi, aliyeketi na Siwema, alizitazama zile chupa kama mtu mwenye kiu anavyotazama mto ulio nyuma ya wavu.

Maoni ya wananchi yalipangwa baada ya shukrani. Walishukuru wajumbe, ikashukuru Kampuni, akashukuru Gerevazi kwa niaba ya hataza. Mchana ukasogea. Jina la Lukanga lilipoitwa alisimama, akakohoa, akasema, "Mimi ninauza nyama. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Mtu akibuni mfuniko wa sufuria, tunaacha wote kupika?"

Hakufika mbali zaidi ya hapo. Nyuma yake Nyamizi alipiga ukelele. Siwema alikuwa amekwisha kuteleza kwenye kiti, kisigino kinagonga sakafu ta-ta-ta-ta, na ukumbi mzima ukasikia.

Lukanga alipiga magoti, akamlaza ubavu, akavua shati la sikukuu akaliweka chini ya kichwa chake.

"Mzee, mwachie!" Mhudumu wa Tume alikuja mbio. "Unavunja dai la nne! Mbele ya Tume!"

"Nisogelee," Lukanga akasema bila kuinua kichwa, "nikuvunje wewe dai la tano."

Mhudumu akasimama alipokuwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Gerevazi kwa upole, "naomba ieleweke kwamba mteja wangu hana ubaya na mtoto. Anachoomba ni kwamba kama mtoto atatulia, atulie kihalali."

"Ieleweke," akasema Mheshimiwa Kitundu.

Walingoja. Wajumbe wengine walitazama dari. Mmoja alimalizia biskuti. Kisha mwili ukalegea, pumzi ikarudi, na baada ya muda Siwema akafumbua macho, akamtambua mama yake, akaomba maji. Nyamizi akamwinua akamketisha.

Lukanga alisimama, kifua wazi. Akatembea mpaka kwenye meza ndefu, akachukua chupa, akakata kile kikaratasi kwa meno.

"Wewe!" Koplo Shomvi akainuka. "Hicho ni kielelezo!"

"Hii ni dawa ya mwanangu."

Alijaza kijiko cha chai ya wajumbe, akarudi nacho polepole bila kumwaga tone. Siwema akanywa, akakunja uso kwa uchungu.

"Mheshimiwa!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Wakili Msomi ilipanda, na kwenye paji lake likatokea jasho. "Mheshimiwa, kielelezo kinamezwa! Kielelezo kimemezwa!"

*

Tume ilijifungia. Ilipotoka, Mheshimiwa Kitundu alisoma uamuzi ambao mpaka leo unafundishwa katika vyuo vya nchi ile.

Kielelezo hakikupotea, alisema. Kipo, isipokuwa kimebadilisha chombo. Kwanza kilikuwa ndani ya chupa, sasa kimo ndani ya mtoto. Kwa kuwa sheria inataka kila kielelezo kihifadhiwe katika bohari ya serikali mpaka kesi iishe, mtoto atahifadhiwa katika bohari ya serikali. Na kwa kuwa sheria inataka kielelezo kibaki katika hali ile ile kilivyopokelewa, na mtoto amepokelewa akiwa na dawa ndani yake, mtunza vielelezo atahakikisha dawa hiyo haipungui. Atajazia kila inapopungua.

"Yaani kijiko asubuhi na jioni?" akauliza Koplo Shomvi, ambaye alitaka kuelewa vizuri kitu kinachoweza kumfunga.

"Kadiri hali ya kielelezo itakavyodai."

Nyamizi alimng'ang'ania mtoto, askari wakamvuta huku, yeye akavuta kule, akamng'ata mmoja mkononi. Lukanga aliwekwa chini ya watu wanne. Siwema alipelekwa bohari akilia, amefungwa kikaratasi kwenye kifundo cha mkono.

*

Bohari ya vielelezo ilikuwa jengo la mabati lenye dirisha la wavu. Wazazi waliruhusiwa kuja dirishani. Siku za kwanza Lukanga alikuja na hasira, amejiandaa kulivunja. Lakini kila alipokuja alimkuta Siwema yuko sawa. Jicho lilipona. Mashavu yalijaa. Maneno yalimrudia, moja moja, kisha yote kwa pamoja, akawa anasema bila kupumua.

"Baba, humu mna pikipiki. Na magunia ya mkaa. Na mbuzi, amekuja kwa kesi ya urithi, amezaa. Koplo anasema hajui kama watoto wake nao ni vielelezo, ameandika kuuliza."

"Unakunywa dawa?"

"Koplo haniachi. Nikitema ananiambia nitamfungisha." Akashika wavu. "Baba, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Wewe ni kielelezo."

"Kielelezo ni nini?"

Lukanga alifikiri. "Ni kitu ambacho serikali inakitunza."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwananchi."

Alirudi nyumbani. Nyamizi alimwuliza ameona nini, akajibu, "Nimeona mtoto mzima. Yuko gerezani, na ni mzima. Sasa niambie wewe, nimtukane nani?"

Habari zikaenea. Wazazi walianza kuja kutoka wilaya za mbali, wamebeba watoto wenye makovu usoni. Walimwuliza Koplo Shomvi taratibu za mtoto kuwa kielelezo. Baba mmoja alitaka kujua kama wa kwake anaweza kuandikwa kama kielelezo cha akiba. Koplo aliwafukuza kwa sauti kubwa, kisha akaingia ndani akakaa juu ya gunia la mkaa, hakutoka mpaka jioni.

Na kwa kuwa chupa za kesi zilianza kupungua, na kielelezo hakitakiwi kupungua, Tume ikaamuru Bi Ndekwa atolewe mahabusu mara kwa mara, apelekwe kiwandani chini ya ulinzi, apike dawa kidogo ya kuwezesha kesi ya kumshtaki kwa kupika dawa. Jioni alirudishwa mahabusu. Alikuwa mtu pekee nchini mwenye leseni ya kufanya kosa lake.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Lukanga, aliyekuwa akiilaani, sasa alikwenda kila kikao akakaa nyuma, na hakimu akisema "inaahirishwa," alikuwa akifumba macho akashukuru.

*

Kilichoharibu mambo ni picha. Mgeni mmoja alimpiga Siwema picha nyuma ya wavu, ameshika mtoto wa mbuzi, kikaratasi kikining'inia mkononi. Picha ikatoka katika magazeti ya kwao Kampuni. Watu wa huko walikasirika. Kampuni ikakutana, ikaona lazima ifanye jambo la huruma, na la haraka.

Ikaiondoa kesi.

Iliiondoa kwa makubaliano mazuri kabisa: serikali ikakiri kwamba hataza inafika kila mahali, kiwanda kikabaki na utepe wake, Bi Ndekwa akaachiwa kwa sharti la kutopika kitu kingine isipokuwa chakula. Na mtoto akawa huru.

Siku ya kumtoa ikapangwa sherehe. Walileta bendi ya polisi, viti vya plastiki, mahema, wapiga picha. Mheshimiwa Kitundu alivaa joho. Wale wazazi wa mbali walisukumwa nyuma ya kamba, wasiharibu mandhari. Koplo Shomvi akafungua kufuli, mlango wa bati ukalia, Siwema akatoka kwenye jua akiwa amevaa gauni jipya, akikunja macho. Alipomwona mama yake alikimbia. Nyamizi alimdaka, wakaanguka wote wawili chini, wanacheka na kulia.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa Kitundu alisema. "Leo, kwa ukarimu wa Kampuni Rafiki, mtoto huyu si kielelezo tena. Leo yuko huru! Kama sisi sote!"

Makofi. Mkuu wa bendi akainua fimbo yake.

"Samahani," Lukanga akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Jioni atakunywa nini?"

Fimbo ya mkuu wa bendi ikabaki hewani.

"Baba Siwema," Mheshimiwa akatabasamu kwa wapiga picha, "leo ni siku ya furaha."

"Nimeona. Jioni atakunywa nini?"

Gerevazi akasogea mbele, mikononi ana kipakiti chenye utepe. "Kampuni imelifikiria hilo. Inamzawadia mtoto Tulivini. Pakiti nzima."

"Ikiisha?"

"Maduka ya dawa yapo, mzee."

"Nimekuuliza ikiisha."

"Nami nimekujibu, maduka yapo."

Lukanga alitikisa kichwa kama mtu aliyepimiwa nyama akaona mzani umechezewa. Aliwaendea mkewe na mtoto pale chini. Nyamizi alimtazama, akaelewa kabla hajasema, akaanza kutingisha kichwa, hapana, hapana. Kisha akaifungua mikono yake.

Lukanga alimwinua Siwema. Mtoto akamkumbatia shingoni, akidhani wanakwenda nyumbani. Alitembea naye mbele ya mahema, mbele ya bendi, mbele ya joho la Mheshimiwa, akaingia naye bohari. Alimketisha juu ya gunia, akamwambia, "Kaa hapa." Akatoka. Akauvuta mlango wa bati ukafunga, akauegemea kwa mgongo.

"Koplo," akasema, "piga kufuli."

"Baba Siwema." Koplo Shomvi alishika kufuli kwa mikono miwili. "Kesi imekwisha."

"Anzisheni nyingine. Niliiba kielelezo mbele ya Tume nzima, mbona hamkunishtaki? Nishtakini. Nilimlaza mtoto ubavu. Dai la nne, mbele ya mashahidi. Nishtakini kwa hilo nalo. Nishtakini mpaka awe mtu mzima."

Nyuma ya kamba, yule baba aliyekuwa ameuliza habari za kielelezo cha akiba akamnyanyua mwanawe, akaivuka kamba. Mama mmoja akafuata. Kisha kamba ikaanguka, wakaja wote na watoto wao, hawakupiga kelele, wakapanga mstari mbele ya mlango wa bohari kama watu waliokwenda kuteka maji.

Mheshimiwa Kitundu alimwinamia Gerevazi. "Tuna sheria ya mtu anayekataa kuachiwa?"

Wakili Msomi alikuwa anapekua, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Kutoka ndani Siwema akaanza kupiga bati kwa ngumi. "Baba! Nifungulie! Nataka nyumbani! Baba!"

Kila pigo Lukanga alilisikia mgongoni. Hakugeuka. Aliitandaza mikono yake miwili ya mchinjaji juu ya mlango, huku na huku, akawatazama waliokaa kwenye viti vya plastiki, akamtazama mkuu wa bendi ambaye fimbo yake ilikuwa bado iko juu.

"Pigeni muziki," akawaambia. "Mnangoja nini? Pigeni muziki, tusimsikie."